Mtani wa Kuazima

Tangu mume wangu afariki nimepewa pole nyingi kiasi kwamba kama ningekuwa na ghala ningezipanga kwa magunia. Pole za simu, pole za kanisani, pole ya mlinzi wa benki ambaye hakumjua mume wangu ila aliliona gauni jeusi akaona si vizuri kunyamaza. Wanafunzi wake wa zamani wa chuo walifungua kundi la simu la kumkumbuka, na kwa majuma mengi simu yangu ililia mfululizo kama kikaango chenye mafuta. Nilijifunza kujibu “asante, nimeshapoa” huku nikiwaza kama gesi imebaki. Mimi kazi yangu ni kuandika makala, na kwa miaka mingi wasomaji wamekuwa wakiamini kwamba nina neno la kusema juu ya kila jambo, kuanzia bei ya vitunguu hadi ufufuo wa wafu. Juu ya hili sikuwa na neno. Sikuwa hata na huzuni ya kujivunia. Nilikuwa nimechoka tu, kama mtu aliyebeba kiti kichwani, na kila anayepishana naye anamwambia akae apumzike.

Ndipo Mama Ansila akapiga simu kutoka Lionja, wilayani Nachingwea. Tulikuwa hatujaongea kwa muda mrefu.

“Mwalimu.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nasikia umekaa huko Morogoro unapokea pole kama padri anapokea sadaka.”

“Mama, hata mwaka haujaisha.”

“Ufuta umeshavunwa, nina nafasi. Njoo nikutoe. Au na huko chuoni mna maji ya kutoa watu?”

Akakata. Nilikaa na simu mkononi nikijaribu kuelewa ni kitu gani kimekosekana katika mazungumzo yale. Baadaye nikagundua. Hakunipa pole. Na nikakumbuka vizuri sana kwa nini.

Niliishi nyumbani kwake mwaka mmoja tu, nilipokuwa nimemaliza kidato cha sita na ninasubiri chuo kikuu. Namna msichana wa Kihaya alivyofika kufundisha Kiswahili na historia katika shule ya parokia kule kusini ni habari ndefu isiyo na faida. Inatosha kusema nilifika nikiwa na sanduku moja na majivuno ya mikoa miwili. Parokia ilinipangia chumba kwa katekista, Mzee Benedikti, mume wa Ansila. Kilikuwa chumba kizuri, chenye kitanda cha kamba na dirisha la ubao lililotazama mikorosho. Kuta zilijengwa kwa tofali za kuchoma, lakini hazikufika juu. Ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na juu yake nyumba nzima ilishiriki paa moja, popo walewale na maneno yaleyale. Mwanzoni niliziba masikio kwa adabu. Baada ya mwezi nilikuwa nikizisubiri sauti zao kama watu wengine wanavyosubiri taarifa ya habari. Walikuwa watu wa mazungumzo mafupi. Kila jioni Ansila aliandaa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, au mbaazi, au siku za bahati samaki mkavu, na mimi nikipewa sahani yangu ya kwanza kwa heshima ya mwalimu. Kilikuwa chakula ambacho hata sasa nikikikumbuka naona njaa. Katekista alikula chote, akafuta sahani kwa kidole, akakohoa, akasema, “Si mbaya.”

“Si mbaya,” Ansila alirudia. “Kizuri ni kile cha mama yako?”

“Mama alikuwa anajua chumvi.”

“Basi kamfufue.”

Kisha kicheko chake kidogo, cha puani, na kicheko kikubwa cha mkewe. Hivyo ndivyo walivyopendana. Mimi nilijua mambo ya mapenzi kutoka vitabuni, ambako watu huambiana maneno marefu, kwa hiyo ilinichukua muda kutambua kile nilichokuwa nikisikiliza.

Benedikti alikuwa mtu mwema, na alikuwa na ugomvi mmoja tu na dunia: watani. Kule kusini, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi hii, msiba una wenyewe wawili. Kuna ndugu, ambao wanalia, na kuna watani, ambao kazi yao ni kuharibu kilio. Mmwera akifa, Wayao na Wamakonde wa jirani wanakuja kulala kaburini kabla ya maiti, wanadai soda ndipo watoke, wanavaa koti la marehemu na kutembea kama yeye. Wafiwa wanacheka hata wasipotaka, na humo ndimo wanamopata pumzi. Katekista aliona ni upuuzi. Mwaka baada ya mwaka alisimama makaburini na kitabu chake cha sala akawakemea. “Anayecheka kaburini,” alikuwa akisema, “atacheka na nani siku ya hukumu?” Taratibu wakamwachia. Kwenye msiba aliouongoza yeye, watani walikaa nyuma kimya kama watoto walionyimwa mpira.

Alikufa msimu wa korosho, ghafla, akiwa na gunia mgongoni. Nimehudhuria misiba mingi tangu hapo, ukiwemo wa kwangu mwenyewe, na sijaona uliokuwa na heshima kama ule. Hakuna aliyelala kaburini. Hakuna aliyevaa koti lake. Watu waliimba nyimbo zote hadi beti za mwisho, wakala wali kwa sauti ndogo, wakaenda zao. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Jioni ile dada yake marehemu, Kostansia, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kufukuzia ngedere, alikaa jikoni akatikisa kichwa. “Msiba gani huu?” aliniuliza, kwa kuwa nilikuwa karibu. “Kaka yangu ametiwa kaburini kama barua sandukuni.”

Ubaya wake ulionekana baadaye. Mjane kule hukaa kwenye mkeka akiwa amejifunga kitambaa cheusi, hashiki jembe, hapiki, hapeani mkono na mtu, mpaka mtani amwogeshe na kumtukana. Hilo ndilo linalomtoa. Kwa ukoo wa Benedikti, kuogeshwa kulifanyika kwenye maji ya moto yaliyo bondeni kati ya vilima, upande wa Ruangwa. Na sasa watani wote, kutoka Lionja hadi Chiola, wakagoma. Hawakugoma kwa hasira. Waligoma kwa upole unaoudhi kuliko hasira. “Sisi twende kumkosea adabu katekista?” walimwambia Kostansia. “Hapana, mama. Mwenyewe alitukataza. Mtoeni kwa rozari.” Paroko alisema kwake yeye Ansila ameshatoka, anaweza kwenda shamba hata kesho. Lakini Ansila hakunyanyuka. Alikaa pale, upande wa pili wa ukuta wangu, na usiku sikusikia chochote, hata kukohoa. Mawingu yalianza kukusanyika. Mashamba ya jirani yalikuwa yamelimwa, la kwake lilikuwa na mabua ya mwaka jana. Alikuwa na watoto wawili wadogo waliokula kwa majirani. Yeye mwenyewe alikuwa hali. Nilimpelekea uji, nikaukuta umeganda. Kostansia alipomshika mkono kumpima, vidole vyake vilikutana na kupitana.

“Mvua ikimkuta hapa,” Kostansia alisema, “tutazika tena.”

Akanitazama. Nilikuwa nasahihisha madaftari, na nilianza kusahihisha kwa bidii.

“Ninyi Wahaya,” akasema, “mlipigana na sisi Wamwera lini?”

Nilimweleza, kama mwalimu wa historia, kwamba utani wa makabila mara nyingi hutokana na vita au biashara za zamani, na kwamba kati ya Bukoba na Nachingwea ni mbali mno, haikuwahi kutokea.

“Hamkuwahi kufika huku?”

“Hatukuwahi.”

“Na wewe umefikaje?”

“Kwa basi, mama.”

“Basi mmefika. Mmekula ugali wetu, mmelala kwenye kitanda chetu, hamjalipa hata kuku. Hiyo ni vita. Kesho asubuhi tunakwenda.”

Tulipanda lori la mbaazi hadi Ruangwa, Ansila katikati yetu kama mzigo wa tatu, kisha tukaacha barabara tukatembea. Ilikuwa joto la kabla ya mvua, lile linalokaa shingoni. Bonde lilikuwa refu na jembamba, miti imesimama bila majani, na mtu asingedhani kuna maji mpaka harufu ya yai bovu ilipotufikia. Hapakuwa na chochote kilichojengwa. Maji yalitoka chini ya jiwe kubwa jeusi yakitokota, yakapita kwenye utelezi wa rangi ya kutu, yakaingia kwenye kidimbwi ambamo kijito cha baridi kiliyapoza kiasi cha mtu kuvumilia. Vipande vya vitambaa vyeusi vya miaka mingi vilining’inia kwenye vichaka. Kostansia alifunga ming’oko, vile viazi vyao vyembamba vya porini, kwenye kitambaa akaitumbukiza pale penye jicho la maji iive, kama mtu aliyefika jikoni kwake. Kisha akanipa kata.

“Mwingize. Mwagie. Mtukane.”

Nilimwingiza. Maji yalikuwa ya moto kweli, na juu yake lilikuwepo jua, nikahisi naiva na ming’oko. Ansila alikaa, maji yakamfika kifuani, macho yake yakiwa mahali pengine. Niliona mifupa ya mabega yake. Nikachota maji, nikamwagia taratibu mgongoni kama mtu anayemwogesha mtoto, na mdomo wangu, uliolelewa vizuri, ukasema, “Pole, mama.”

“Amesema nini?” Kostansia aliuliza kutoka kwenye jiwe.

“Amesema pole,” akajibu Ansila. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku ile.

“Tokeni!” Kostansia alirusha mikono. “Tokeni wote wawili! Mtani anasema pole? Pole ni ya ndugu! Umeshakuwa mfiwa mwenzake tayari, sasa nani amtoe? Shule zote hizo!”

Tulitoka tukichuruzika. Ilibidi turudi hadi mdomo wa bonde na kuanza upya, kwa sababu maji yaliyosikia pole, alivyosema Kostansia, yameshaingia msibani na yenyewe. Tulitembea na nguo zilizolowa zikitugonga miguuni. Njiani aliendelea kunifundisha kwa hasira. Ndugu anamwonea mfiwa huruma, na huruma ndiyo inayomkalisha kwenye mkeka. Mtani hana huruma. Mtani anamkumbusha kwamba yu hai, na marehemu alikuwa mtu tu. Nilikuwa nimechoka, nimeungua, na nilikuwa na umri ambao mtu anaamini adabu ndiyo wema wote.

Tukaingia tena. Nilichota maji mengi nikamtupia usoni. Alishtuka, jambo lililonipa moyo.

“Wewe,” nikasema. “Wewe mnene.”

Kostansia aliguna. Ansila alikuwa amebaki ngozi.

“Wewe mvivu. Wewe... mpika ovyo.”

“Hata kuku hawezi kumtukana,” Kostansia aliuambia mti.

Sikujua kutukana. Nilichokijua, nilikijua kwa kupitia juu ya ukuta. Nikanyoosha shingo, nikaweka mkono tumboni, nikafuta sahani isiyokuwepo kwa kidole, nikakohoa kikohozi kile chake, kifupi, cha mtu anayetaka kanisa zima limtazame.

“Si mbaya,” nikasema.

Ansila aligeuka.

“Maji haya,” nikaendelea kwa sauti ya katekista, “si mbaya. Mama alikuwa anajua maji. Na huu msiba wangu, si mbaya. Nimewafukuza watani, nimezikwa na wazee wanaosinzia, mke wangu amekaa mkekani hana hata wa kumtania. Kazi nzuri, Benedikti. Si mbaya.”

Kilichotoka kwa Ansila kwanza kilifanana na kikohozi. Halafu alicheka, kile kicheko chake kikubwa, na katikati ya kicheko sauti ikavunjika ikawa kilio, kilio cha majuma yote yale kwa pamoja, akanishika magoti ndani ya maji nikaanguka nikameza maji kwa pua. “Kamfufue!” alipiga kelele. “Kamfufue huyo mama yako mwenye chumvi!” Kostansia naye alikuwa ameingia na nguo zake zote, analia, anamwagia kila mtu. “Mshenzi huyu! Anamsema kaka yangu! Mhaya mshenzi!” Nadhani sijawahi tena kusifiwa namna ile kwa kitu nilichotunga.

Baadaye tulikaa kwenye jiwe tukamenya ming’oko kwa kucha. Kitambaa cheusi kilikuwa kimeachwa kichakani. Ansila alikula, akala tena, akanyoosha mkono akachukua ya kwangu bila kuomba, na tangu siku ile hakuomba tena kitu chochote changu. Alichukua ndoo yangu, mwavuli wangu, na viatu vyangu vya Jumapili, kwa haki ya utani. Mvua ya kwanza ilimkuta shambani. Mwishoni mwa mwaka nilikwenda chuo kikuu, ambako nilifundishwa kwa miaka mitatu jinsi ya kusema juu ya watu bila kumkera yeyote, na imebidi nitumie muda mrefu zaidi ya huo kujaribu kuusahau ujuzi huo.

Basi safari hii nilishuka Nachingwea nikiwa na magoti yanayolalamika na vidonge vya presha kwenye mkoba. Kostansia alishakufa zamani. Watani walijaa msibani kwake, naambiwa, na mmoja alikataa kutoka kaburini mpaka aletewe ngedere. Ansila amekuwa bibi mfupi, mpana, mwenye jino moja la mbele lililobaki kwa ubishi. Tulikwenda Ruangwa kwa lami, tukachukua bodaboda mbili, na kijana aliyembeba yeye alikuwa akigeuza kichwa kuzungumza.

“Mama zangu, mnaenda kwenye yale maji? Mjue kuna mwekezaji anakuja. Ataweka hoteli, mabwawa, taa, kila kitu. Itakuwa noma.”

“Amekuwa akija tangu wewe hujazaliwa,” Ansila alimwambia. “Tazama mbele.”

Hakuna aliyekuja. Jiwe lilikuwa jeusi vilevile, na harufu ileile, isipokuwa chupa kadhaa za plastiki zilizokwama kwenye utelezi. Ilikuwa asubuhi ya baridi, na mvuke ulisimama bondeni kama moshi wa jiko la kuni. Niliingia nikiwa na kanga yake, nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua sasa utaratibu, nilikuwa nimeshaandika makala mbili kuhusu utani, na nilisubiri kicheko changu kama mtu anayesubiri basi lenye ratiba. Ansila alibaki ukingoni na bakuli, kwa sababu ya kiuno.

“Huyo mume wako,” alianza, akanimwagia utosini. “Msomi wa udongo. Alikuja kwangu mara moja tu, akayaonja haya maji kwa ulimi, akatuhubiria salfa mpaka jua likazama.”

Ilikuwa kweli. Nilijaribu kutabasamu. Hakuna kilichokuja.

“Tena mchoyo.”

“Ha?”

“Mchoyo. Alikunywa togwa yangu, akala kuku wangu, akaondoka bila kuniachia hata kilo ya sukari.”

“Tulikuletea sukari, mama.”

“Sikuiona.”

“Ilibaki kwenye gari. Aliisahau. Tumefika Masasi ndipo akaikumbuka, akataka kugeuza.”

“Mchoyo husahau kwa makusudi.”

“Hakuwa mchoyo!” Nilikuwa nimesimama. “Alikuwa msahaulifu! Alisahau pete ya harusi kwa kinyozi, maharusi tumesimama altareni anajipapasa mifuko! Alimsahau mtoto sokoni, mwanawe wa kumzaa, akarudi na mchicha! Alisahau kunywa dawa, Ansila, nilimwachia mezani, nikaandika kwa herufi kubwa, nikarudi nikazikuta palepale na yeye ananiuliza ni za nani! Mchoyo gani? Angekupa shati lake, halafu akakuuliza umelinunua wapi!”

Sauti yangu iligonga jiwe ikarudi. Kwa miezi mingi nilikuwa nikimsikia akiitwa marehemu, mpendwa wetu, hazina ya taifa, na mimi mwenyewe nikaitikia. Sasa alikuwa amerudi akiwa na mifuko mitupu na fungu la mchicha, na nilikuwa nimemkasirikia, kwa dawa zile hasa, hasira ambayo sikuwa nimethubutu kumwonyesha mtu yeyote aliyekuja kunipa pole. Nikasubiri machozi. Nayo hayakuja. Magoti ndiyo yaliyoniuma, nikakaa.

Ansila alinimwagia bakuli la mwisho bila haraka, akalitikisa, akaliweka juu ya jiwe.

“Haya. Umetoka.”

“Mama, sijisikii tofauti.”

“Nani kakuuliza?” akasema. “Vaa viatu.”